Ulimi, Kofia na Mdomo wa Meza: Jinsi Nilivyoivisha Kinga Mashine Yangu ya Kuchania Mbao

Mashine ya kuchania mbao iliyomo katika karakana yangu hapa Ngamiani, Tanga, haikutoka kiwandani. Ilichomelewa na fundi wa hapahapa mjini kwa vyuma vya pembe, ikawekewa meza ya bati nene la milimita 5, shafti yenye beringi mbili, na mota ya nguvu za farasi 3 inayovuta shafti hiyo kwa mkanda. Diski yake ya msumeno haipandi wala haishuki. Kinachopanda na kushuka ni meza yenyewe, ambayo imefungwa kwa bawaba upande wa nyuma na kuinuliwa kwa skrubu ndefu upande wa mbele. Nilipoinunua ilikuwa na kila kitu cha kukatia mbao na haikuwa na chochote cha kumlinda anayekata. Diski ilikuwa wazi kuanzia kwenye meza hadi juu, nyuma yake palikuwa patupu, na tundu la meza inamotokeza lilikuwa pana kiasi cha kupitisha vidole vitatu. Sikumlaumu yule fundi na hata leo simlaumu, kwa sababu hakuna mteja aliyewahi kumwagiza kinga, na kinga isiyoagizwa ni chuma chake na muda wake vinavyopotea bure.

Kwanza tuelewane kuhusu kasi, maana nimegundua kwamba hata mafundi wenye miaka mingi kazini hawajawahi kuipigia hesabu. Mota yangu huzunguka mara 1,440 kwa dakika. Puli yake ni ya milimita 150 na ile ya shafti ni ya milimita 75, kwa hiyo diski huzunguka mara mbili ya hapo, yaani 2,880. Diski ya kipenyo cha milimita 300 ina mzingo wa karibu milimita 942, na hivyo jino lililo ukingoni mwake hukimbia mita 45 hivi kwa sekunde, ambazo ni zaidi ya kilomita 160 kwa saa. Basi la kwenda Dar es Salaam linaruhusiwa kilomita 80. Nilipomweleza hivyo kijana ninayemfundisha kazi, aliitazama diski kwa muda mrefu, kisha akarudi nyuma hatua moja, na mimi nikaona somo limeeleweka bila maelezo zaidi.

Hata hivyo, kasi hiyo si jambo lililonishtua mimi. Kilichonishtua ni teke. Wanaotumia mashine hizi wanajua ninachosema: unausukuma ubao vizuri, ghafla unakurudia kwa nguvu kama umepigwa na punda. Ili kuelewa linakotoka teke, sharti uitazame diski kwa ubavu ukiwa umeizima. Meno ya upande wako, yaani upande wa mbele, yanashuka. Yanaukandamiza ubao mezani na kazi inakwenda kwa utulivu. Meno ya upande wa nyuma yanapanda. Ubao ukiyagusa hayo ya nyuma, ama kwa sababu umepinda kidogo ukaiacha fensi, yaani kizuizi kilichonyooka kinachouongoza ubao mezani, ama kwa sababu mkato wenyewe umejifunga na kuibana diski, yanauinua, yanaupitisha juu ya diski, na kuurusha kule aliko mwenye kuusukuma. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuuzuia, na kujaribu kuuzuia ndiko kunakoleta maafa makubwa zaidi.

Mimi nililijua hilo kwa njia mbaya. Nilikuwa nachana ubao wa mtiki, au msaji kama wasemavyo wengine, wenye urefu wa mita moja na robo, kwa ajili ya fremu ya dirisha. Mtiki tunaupata kwa wingi hapa Tanga kwa kuwa shamba la miti la Longuza liko karibu, wilayani Muheza, na mwingi unaotufikia sisi mafundi wadogo ni wa miti myembamba ambayo haijakomaa. Mti wa namna hiyo huwa na mvutano ndani yake. Ukiufungua kwa msumeno, pande mbili za ubao ama huachana ama hubanana. Huu ulibanana. Niliuona mkato unajifunga nyuma ya diski taratibu kama mtu anayefumba mdomo, na bado nikaendelea kusukuma kwa sababu zilikuwa zimebaki sentimita 20 tu. Ubao uliinuka, ukanipita ubavuni, ukatoboa bati la ukuta. Mkono wangu wa kushoto, uliokuwa umeuegemea ule ubao, ulibaki hauna cha kuegemea, ukaanguka mbele. Diski ilichukua ncha ya kucha ya kidole gumba pamoja na nyama iliyo chini yake, kiasi cha nusu punje ya mchele. Bati lile sijalibadilisha. Mvua ikinyesha kwa upepo huingiza maji, na mke wangu ameacha kuniuliza.

Baada ya siku hiyo nilianza kutafuta namna ya kuivisha kinga mashine niliyonayo, kwa sababu uwezo wa kununua nyingine sikuwa nao. Nilisoma kuhusu mashine za Marekani zinazoitwa SawStop, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 2004 na ambazo hutambua mguso wa ngozi kwa umeme na kuisimamisha diski kwa takriban milisekunde 5, kwa kuichomekea kipande cha alumini katikati ya meno. Ni uvumbuzi wa ajabu, na kila inapofanya kazi hiyo diski huharibika na breki yenyewe hulazimika kununuliwa upya. Niliufurahia kama mtu anavyofurahia nyumba ya jirani, kisha nikarudi kwenye vyuma vyangu vya pembe.

Nilianza na kile tunachokiita karakanani ulimi. Ni bamba la chuma linalosimama nyuma ya diski, katika mstari uleule, likifuata mviringo wake. Kazi yake ni kuingia ndani ya mkato pindi ubao unapoipita diski, ili pande mbili zisiweze kubanana tena na ubao usiweze kuyumba na kuyagusa meno yanayopanda. Karakana nyingi hutumia msaidizi kwa kazi hii: mtu husimama upande wa pili na kuchomeka kabari au bisibisi katika mkato. Nimefanya hivyo miaka mingi na nimewaona wazee wakifanya. Lakini kabari hiyo huchomekwa na mkono, na mkono huo uko shibiri moja kutoka kwenye meno ambayo anayesukuma hayaoni vizuri. Ulimi ni kabari isiyochoka na isiyo na mkono.

Unene wake ndio unaowashinda wengi. Diski yangu ina bamba la milimita 2.2, lakini meno yake ya kabaidi yametokeza kila upande na hukata njia ya milimita 3.2. Ulimi unapaswa kuwa mnene kuliko bamba la diski, vinginevyo mkato utaibana diski kabla haujaubana ulimi, na uwe mwembamba kuliko njia ya meno, la sivyo ubao utakwama. Kwa diski yangu, bati la milimita 2.5 lilikaa sawasawa katikati. Kipande chake nilikipata kwa mchomeleaji jirani kikiwa ni mabaki ya geti la mtu, na nilikipima kwa kalipa mara tatu kwa sababu bati linaloitwa la milimita fulani dukani si lazima liwe la unene huo. Diski nyembamba zinazouzwa siku hizi hukata njia ya milimita 2.4 au 2.6, anayetumia hizo asinakili ulimi wangu.

Umbo nililichora kwanza kwenye boksi la katoni. Nililisimamisha boksi nyuma ya diski, nikafuata mviringo kwa penseli, kisha nikasogeza mstari nyuma kwa milimita 5, ambao ndio mwanya niliouacha kati ya ulimi na ncha za meno kuanzia chini hadi juu. Mashine za viwandani za Ulaya huuweka mwanya huo kati ya milimita 3 na 8, na sababu yake ni rahisi: ukiwa mkubwa, ubao hupata nafasi ya kujifunga kabla haujaufikia ulimi. Ncha ya juu niliikata iwe chini ya kilele cha diski kwa milimita 2, ili hata mkato usiotokeza juu, kama ule wa mfereji wa kioo cha dirisha, uweze kupita bila kuung'oa ulimi. Ukingo unaotazama diski nao niliupiga tupa pande zote mbili uwe mviringo kidogo, kwa sababu ukingo mkali hukwaruza kuta za mkato na ukingo butu huupokea ubao kwa kuugonga.

Sasa nieleze kosa nililolifanya, maana lilinigharimu siku mbili. Niliufunga ulimi kwenye meza. Ulionekana umekaa vizuri kabisa hadi nilipoishusha meza kwa ajili ya ubao mnene zaidi. Ulimi ulishuka pamoja nayo, mwanya ulibadilika, na upande wa juu ulibaki mbali na meno kwa zaidi ya vidole viwili. Nilikuwa nimesahau mashine yangu mwenyewe inavyofanya kazi. Katika mashine nyingi za viwandani diski ndiyo inayopanda na kushuka, na waundaji hupata tabu kubwa kuufanya ulimi uifuate. Hizi za kwetu, ambazo diski imetulia, zimetuondolea tabu hiyo: ukiufunga ulimi kwenye fremu ileile iliyobeba beringi za shafti, hautabadilisha umbali wake na diski hata uichezeshe meza vipi. Nimeulizwa na mafundi watatu kama mashine iliyochomelewa mtaani inaweza kuwa na ulimi wa kweli, na jibu langu ni kwamba inaupokea kwa urahisi kuliko nyingi za dukani.

Jambo la pili nililolikosea ni kutaka kuuchomelea. Mchomeleaji alinizuia.

“Bwana, bati jembamba hivi nikilipiga moto litapinda,” alisema. “Tulifunge kwa boliti. Likipinda utakuja kunilaumu mimi.”

Alikuwa na haki. Tulichomelea kipande cha chuma cha pembe kwenye fremu, tukatoboa matundu mawili marefu kidogo ili ulimi uweze kusogezwa mbele na nyuma nikibadilisha diski, na tukaufunga kwa boliti mbili zenye washa za springi. Kuulinganisha na diski kulichukua muda mrefu kuliko kuutengeneza. Niliweka rula ya chuma ubavuni mwa bamba la diski, kati ya meno, nikaisogeza hadi kwenye ulimi, nikatazama mwanga unaopita. Nikafanya hivyo pande zote mbili. Mwanga ulipokuwa mwingi upande wa kushoto nilipachika nyuma ya boliti kipande cha kopo la soda kilichokatwa kwa mkasi, kisha kingine, mpaka pande mbili zikalingana. Kopo la soda ni jembamba kuliko washa za kawaida za dukani na halipotezi unene likibanwa.

Mdomo wa meza ulifuata. Ndilo tundu ambalo diski hutokezea, na kwangu lilikuwa na upana wa milimita 40. Tundu pana lina madhara mawili. Fito nyembamba unayoikata huweza kuzama pembeni mwa diski, ikakwama na kurushwa. Na nyuzi za mbao zilizo chini, kwa kuwa hazina cha kuzishikilia, hung'oka na kuacha ukingo wenye miba. Dawa yake ni kibao kinachoziba tundu lote, ambacho mwanya wake unakatwa na diski yenyewe, hivyo kwamba mbao hushikiliwa hadi milimita ya mwisho kabla ya jino.

Meza ya bati haina ukingo wa kukalia kibao, kwa hiyo nilifunga chini yake vipande vinne vya chuma bapa, kimoja kila kona, na kila kimoja nikakitia skrubu ndogo inayosimama wima. Kibao hukaa juu ya skrubu hizo nne, na kwa kuzizungusha unakipandisha au kukishusha hadi kilingane na meza. Kidole ndicho kipimo kizuri: ukikipitisha kutoka mezani hadi kwenye kibao usihisi kizingiti chochote. Kikizidi hata unene wa kadi upande wa mbele, ubao utakwama hapo kila mara, na anayekwama husukuma kwa nguvu zaidi, jambo ambalo hatulitaki kabisa mbele ya diski. Upande wa nyuma kibao lazima kishikwe kwa skrubu au pini, kwa kuwa meno ya huko hupanda na yanaweza kukiinua na kukirusha chenyewe.

Kibao changu cha kwanza kilikuwa cha emdiefu (MDF), yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, laini na kilichonyooka kama kioo. Masika yalipofika kilivimba. Tanga ni mji wa pwani na hewa yake haikauki kamwe, na emdiefu hunywa unyevu kama sifongo. Nilikitoa kwa patasi, vipandevipande. Cha pili nilikifanya kwa mninga, kikapinda katikati. Tangu hapo natumia plaiwudi ngumu ya milimita 12, ile ambayo tabaka zake hazina matundu, ninaipaka vanishi pande zote sita, zikiwemo zile nyembamba za ubavuni ambazo watu huzisahau, na uso wa juu naupaka nta ya mshumaa ili mbao ziteleze.

Kuukata mwanya wake kunahitaji utulivu. Ninainua meza hadi diski izame chini kabisa, ninakiweka kibao kipya na kukifunga, kisha ninaweka juu yake ubao mzito wa mbili kwa nne, pembeni mwa njia ya diski, na kuubana kwa klempu mbili kwenye kingo za meza. Fensi ninaitoa, na ulimi pia, kwa kuwa kibao bado hakina mwanya wake. Nikisha kuwasha ninasimama kando na kuizungusha skrubu ya meza polepole, robo mzunguko baada ya robo mzunguko, na diski inajitokeza yenyewe kama papa anayechungulia. Mwanya wa ulimi, ulio nyuma ya ule wa diski, ninaukata baadaye kwa msumeno wa mkono. Kwa kuwa meza yenye bawaba huinuka kwa upinde mdogo, ninauongeza urefu wa mwanya kwa milimita 2 mbele na nyuma. Ubavuni siongezi chochote. Kila diski ina kibao chake, na nimeandika namba kwa penseli chini ya kila kimoja.

Nikiri kwamba kibao hiki ndicho kilichoishinda mioyo ya vijana wangu kuliko kinga nyingine zote, na si kwa sababu ya usalama. Walikipenda kwa kuwa milango ya kabati ilianza kutoka bila miba upande wa chini na kazi ya kupiga msasa ikapungua. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo limeongoza kila nilichotengeneza baadaye: kinga inayomkera fundi haimalizi wiki, na kinga inayomrahisishia kazi hataiondoa hata ukimwambia aiondoe.

Kofia ilinithibitishia hilo kwa njia ya pili. Kofia ni kifuniko cha juu ya diski. Ya kwanza niliitengeneza kwa bati tupu, imara sana, mfano wa sanduku lililofunikwa juu ya meno. Siku ya tatu niliikuta chini ya benchi. Nilimwuliza kijana.

“Shikamoo, Mzee. Niliitoa kidogo tu.”

“Marahaba. Kwa nini uliitoa?”

“Sioni mstari wangu, Mzee. Nakata kwa kubahatisha.”

“Nyingine?”

“Na fito nyembamba hazipiti. Kofia inagonga fensi.”

Zamani ningemgombeza. Lakini alichosema kilikuwa kweli tupu, na nilipojaribu mwenyewe kuchana fito ya sentimita 3 niliitoa kofia hiyohiyo kwa mkono wangu. Kwa hiyo niliitengeneza upya. Pande zake mbili ni za plaiwudi nyembamba, lakini juu na mbele nimeweka dirisha la plastiki angavu. Hapa panahitajika uangalifu. Plastiki angavu iliyozoeleka kwa watengeneza mabango ni akriliki, nayo ikipigwa na kipande cha mbao hupasuka vipande vyenye ncha kali. Inayofaa ni polikaboneti. Kwa macho zinafanana mno. Njia niliyoitumia kuzitofautisha ni kuchukua kipande chembamba, kukifunga ndani ya kitambaa kizito, na kukikunja kwa koleo. Akriliki hukatika kwa mlio, polikaboneti hukunjika na kubaki nzima.

Kofia hiyo haikufungwa kwenye ulimi kwa sababu ulimi wangu uko chini ya kilele cha diski. Inaning'inia kwenye mkono wa bomba la inchi moja na nusu unaotoka nyuma ya fremu na kupinda juu ya meza, kwa viungo viwili sambamba vya bapa vinavyoiruhusu kupanda na kushuka huku ikibaki imelala sawasawa. Ubao ukija, pua ya kofia iliyochongwa mteremko hupanda juu yake bila kuguswa. Ubao ukiisha, hushuka. Nyuma yake nimeunganisha bomba la plastiki la inchi 4 linalokwenda kwenye feni ya kufyonza vumbi, maana vumbi la mbao nalo si rafiki: shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 1995.

Shida ya fito nyembamba niliitatua kwa fensi ya chini. Ni ubao uliolala, wenye unene wa milimita 15, unaofungwa kwa klempu ubavuni mwa fensi kuu na kutokeza juu ya meza. Fito hutambaa kandokando yake, na kofia hupita juu yake bila kugonga kitu. Fensi hiyo ya chini nimeikata iishie pale diski inapoanzia kukata, isiendelee hadi nyuma, ili kipande kilichokwisha kukatwa kipate nafasi ya kujinyoosha badala ya kubanwa kati ya fensi na meno. Mtiki wa Longuza umenishukuru sana kwa ukato huo.

Visukumio sitavisemea kirefu. Ni vijiti vya plaiwudi vya sentimita 40 vyenye pengo mwishoni la kushikia kisogo cha ubao, na nimevitengeneza kumi kwa mkupuo mmoja kwa sababu huliwa na diski, na ni bora iliwe plaiwudi. Sharti langu ni kwamba mkono usiikaribie diski chini ya shibiri moja. Kila mtu ana shibiri yake, naye haihitaji rula. Vinatundikwa kwenye misumari miwili kwenye mguu wa meza, upande wa kulia, kwa sababu kisukumio kilichoko upande wa pili wa karakana ni sawa na kisichokuwapo. Kitana, yaani kibao chenye meno marefu yaliyokatwa kwa nyuzi 30 kinachoukandamiza ubao kwenye fensi, huwekwa kabla ya diski tu. Nimeona mtu amekifunga sambamba na diski yenyewe. Hapo kinaubana mkato na kulitengeneza teke kwa makusudi.

Linalofanana na kinga ingawa halionekani ni swichi. Jioni moja umeme ulikatika tukiwa kazini, tukaondoka kwenda kuswali alasiri. Tuliporudi tulisikia mashine inavuma ndani ya karakana iliyofungwa. Umeme ulikuwa umerudi, na swichi ya ukutani, ambayo hakuna aliyekumbuka kuizima, ilikuwa imeiwasha diski bila mtu. Kama kijana angekuwa anafagia vumbi chini ya meza, nisingependa kuendelea na sentensi hii. Wiki ileile nilimwita fundi umeme akafunga kontakta yenye vitufe viwili, cha kijani na chekundu. Umeme ukikatika kontakta hujiachia, na mashine haiwaki tena mpaka mtu abonyeze kitufe cha kijani kwa mkono wake. Kitufe chekundu nimekiweka chini ya ukingo wa mbele wa meza na kukifunika kwa bapa pana la mbao, ili kiweze kusukumwa kwa goti mikono yote miwili ikiwa kazini. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri azikinge sehemu hatari za mashine, na mimi mwenye vijana wawili ni mwajiri hata kama nakaa nao kwenye benchi moja.

Glavu hatuvai mbele ya diski, wala mikono mirefu isiyofungwa, wala pete. Kitambaa kikishikwa, mkono huvutwa nacho. Anayechana husimama kushoto kidogo mwa mstari wa diski, kwa hiyo teke likitokea licha ya yote litapiga bati. Limekwisha kutoboka hata hivyo.

Gharama yote ya ulimi, kibao, kofia na fensi ya chini ilikuwa ndogo kuliko bei ya diski moja mpya ya kabaidi, kwa kuwa vifaa vingi vilikuwa mabaki. Kontakta ndiyo iliyoniumiza mfuko. Kile kiolezo cha boksi cha ulimi bado ninacho, kimetundikwa msumarini juu ya swichi. Jirani wa Makorora alikichukua mwezi uliopita na kukirudisha kikiwa na alama ya mafuta ukingoni, na kwa penseli alikuwa ameongeza mstari wake mwenyewe, milimita chache nje ya wangu, kwa diski yake ya milimita 350.